Gari Ambalo Hawo Hakulipungia Mkono

S.L.P. 63,
Garsen,
Kaunti ya Tana River.

16 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Kahindi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Minjila. U hali gani huko kwenye baridi? Kile kikohozi ulichokuwa nacho wakati wa Krismasi kimekwisha, au ndiyo mtindo wako wa kusema "niko sawa" huku unakohoa nyuma ya simu? Shemeji Mbeyu na kijana wetu Gunga wanaendeleaje? Katika ile picha ya theluji alivalishwa koti kubwa hata nikaona pua tu. Shemeji yako Kanze alisema pua hiyo ni ya marehemu baba, mimi nikasema ni ya kina Mbeyu, na mpaka leo hatujaelewana.

Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Jua ni lile la Februari unalolijua, kuku wanashinda chini ya kitanda changu cha kamba. Mbuzi watatu wamezaa, mmoja pacha. Dada yetu Christine huko Ozi ameshapona malaria na tayari anagombana na nyani shambani, kwa hiyo jua kwamba amepona kabisa.

Utashangaa kuona nimeandika barua badala ya kukupigia. Nitaipiga picha ukurasa kwa ukurasa nikutumie, maana nikiitia posta utaipata Gunga akiwa na ndevu. Lakini nimetaka kuandika. Kwenye simu wewe una haraka na mimi napayuka, halafu mtandao unakatika pale hasa panapohitaji kusemwa polepole. Na hili ninalotaka kukueleza ni la polepole.

Ni habari ya gari. Uliponiandikia mwezi uliopita uliniambia, "Kaka, umefundisha miaka thelathini na tano, chukua hilo Benzi, usiogope." Ulisema kwa maneno machache kama kawaida yako. Mimi nimelifikiria jambo hilo hadi nikakonda. Nina mpaka Jumamosi ijayo kumpa Mukhtar jibu, na kabla sijampa, lazima wewe ujue yote, kwa sababu Probox ile nusu yake ni yako.

Sijasahau. Miaka kumi na moja iliyopita ulituma mshahara wako wa kwanza na wa pili kutoka huko, mimi nikaongeza mkopo wa walimu, tukanunua Probox nyeupe ili mama asipelekwe tena hospitali juu ya pikipiki akishikwa kiuno na jirani. Gari hilo lilimpeleka Malindi na kumrudisha zaidi ya mara ishirini. Lilimrudisha na mara ile ya mwisho pia, tukalaza viti, mimi nikiendesha na Christine akiwa nyuma amemshika miguu. Kwa hiyo si chuma tu, najua.

Lakini wewe hujui limekuwa nini tangu hapo. Kila asubuhi natoka nyumbani, mara nyingi na Kanze, kwenda Garsen, zamani shuleni, sasa kulifungua lile duka langu la madaftari na kalamu. Barabarani wananingoja akina mama wa Kiorma na mitungi yao ya maziwa. Wa kwanza daima ni Hawo, yule mama mrefu mwenye manyata upande wa pili wa lami, ambaye mama alikuwa akinunua maziwa kwake. Hanipungii kama watu wengine wanavyopunga. Ananyoosha mkono mara moja, kiganja chini, kama anayemtuliza ng'ombe, na mimi nasimama. Wanaingia wanne, watano, mitungi kwenye buti na mingine mapajani. Sijawahi kuwatoza hata senti. Gari lote linanuka maziwa ya moshi, ile harufu ya vibuyu vyao vilivyofukizwa, na hata ukiliosha kwa sabuni ya unga wiki nzima haitoki.

Watu wananisifu sana kwa hilo. Kanisani wananisifu, na msikitini pia nimesikia nasifiwa. Usicheke. Mzee akisifiwa anapenda.

Sasa, Kanze. Mgongo wake umezidi. Daktari wa Malindi anasema pingili mbili za chini zimebanana, na kila mwezi lazima aende kufanyiwa mazoezi ya viungo. Springi za Probox zimechoka, na mimi sina shimo barabarani nisilolijua kwa jina, maana kila shimo namsikia akivuta pumzi kupitia meno. Halii. Ungekuwa ni wewe ungesikika mpaka Bangale. Yeye anavuta pumzi tu, na akifika Malindi anahitaji nusu saa kabla ya kuweza kusimama wima.

Na kuna jambo jingine ambalo sijawahi kukuambia. Nilipomwoa mwaka wa tisini na nne na kumleta huku kutoka Ganze, tulikuja juu ya lori la saruji, tumekaa juu ya mifuko, nywele zake zimekuwa nyeupe kama za bibi. Nilimwonea aibu. Nikamwambia, "Siku moja utakaa kiti cha nyuma cha gari dogo, peke yako, mguu juu ya mguu, kama mke wa DC." Akacheka, akapangusa saruji usoni. Hakunikumbusha tena ahadi hiyo maisha yake yote, nami nilidhani ameisahau.

Basi, Mukhtar. Huyu ni kijana wa Kisomali anayeuza magari yaliyotumika pale Malindi, mtu wa maneno matamu lakini hadanganyi. Ana Benzi la rangi ya kijivu, la miaka kumi na miwili, lilikuwa la daktari mmoja mstaafu aliyeliendesha kati ya nyumba na kanisa tu. Sharti lake ni kwamba achukue Probox na sehemu ya malipo yangu ya kustaafu. Gunga wa gereji, wajina wa mwanao, alilala chini yake saa nzima akatoka na neno moja, "Zima." Ijumaa ya wiki iliyopita, tulipokwenda kliniki, Mukhtar akaniambia nimwachie Probox, nilichukue Benzi hadi Jumatatu, nilione. Sharti lilikuwa moja, lirudi kama lilivyotoka.

Kahindi, nilifungua mlango wa nyuma na Kanze akaingia. Viti ni vya ngozi, rangi ya chai ya maziwa. Alikaa, akanyoosha miguu, ikanyooka yote. Tulipofika Gongoni nilitazama kwenye kioo nikaona amelala. Kwa miaka mingi sijamwona mke wangu akilala ndani ya gari. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, mkono umeanguka kitini, na hakuna kilichokuwa kikimuuma. Nilizima redio. Niliendesha polepole hata malori ya Garissa yakanipita yakipiga honi, na mimi mwalimu mzima machozi yananitoka.

Hiyo ndiyo ingekuwa barua yenyewe, nami ningesema nimenunua, kwaheri. Lakini haikuishia hapo.

Kwenye kizuizi askari alinipigia saluti, ninaapa. Karibu na nyumbani watu walikuwa wakishuka kabisa kwenye lami kutupisha. Wanafunzi wangu wa zamani, watu ninaowajua majina matatu matatu, waligeuza nyuso kwa vumbi bila kunisalimu. Halafu nikamwona Hawo, anarudi kutoka sokoni kwa miguu, mitungi mitupu mgongoni, jua la saa tisa. Nikapunguza mwendo. Alilitazama gari, akajivuta pembeni, mkono wake ukabaki chini. Nilimpita.

Kanze ndiye aliyeamka na kuuliza, "Baba Dzombo, huyo si Hawo?" Nikarudi kinyumenyume. Niliposhusha kioo Hawo alishtuka, kisha akacheka kwa mkono mdomoni.

"Mwalimu! Mimi nasema hii ni gari ya serikali."

"Ingia twende."

"Hapana. Hii nyinyi enda. Mimi nangoja ile nyeupe."

Ilibidi Kanze amwite mwenyewe ndipo akakubali. Lakini kabla hajaingia alivua malapa yake pale pale kwenye lami inayochoma, akayakung'uta, akayashika mkononi, akaingia miguu mitupu kama anaingia msikitini. Kahindi, mama huyu amepanda gari langu miaka kumi na moja na matope ya mto hadi magotini, na leo anavua viatu.

Tulipofika kwao akauliza ni la nani, na Kanze akamweleza habari ya mgongo. Basi akafurahi, akaingia ndani ya manyata mbio, akatoka na kibuyu. Alichovya vidole kwenye maziwa, akanyunyiza kwenye boneti, kwenye usukani, kwenye kiti cha Kanze, akampaka kidogo na mikononi, huku anaomba kwa Kiorma. Kwao kitu kipya kikiingia nyumbani hubarikiwa hivyo. Mimi nimesimama pale nikijua kwamba gari si langu, ni la Mukhtar, na kwamba lazima lirudi kama lilivyotoka. Mtu mwingine angesema, "Ngoja mama, bado sijalinunua." Mimi nilivua kofia nikasema amina.

Kufikia jioni habari zilikuwa zimefika Garsen. Walikuja kutupongeza hadi watu ninaodaiwa nao vitabu vya maktaba. Jumamosi jua lilipowaka juu ya vile viti, ile harufu ya maziwa ya moshi ikaamka. Nilisugua kwa maji ya limau, nikasugua kwa majani ya chai, Kanze amekaa barazani anacheka mpaka ameshika mgongo. Ikabidi nimpigie Mukhtar nikiri kosa. Kisha akasema, "Mwalimu, mama wa Kiorma amelimwagia maziwa na wewe umesema amina? Hilo nitamuuzia nani tena? Mimi pia nina mama." Alikuwa anatania, lakini si sana. Akanipa wiki mbili za kufikiri.

Jumatatu nilirudisha Benzi nikachukua Probox. Njiani kurudi nilikuwa na hotuba nzuri kichwani. Nilikuwa nimeamua kwamba hatulinunui. Nitamwambia Kanze kwamba gari ambalo Hawo halipungii mkono si gari letu, kwamba sisi ni watu wa watu, kwamba tutaweka springi mpya, basi. Nilijiona mtu mwema kweli kweli. Nilimwambia baada ya chai ya jioni, na nilisema vizuri, unajua mimi kusema sishindwi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, nami nakuandikia kama alivyosema, "Mimi nalitaka lile gari. Nimelitaka tangu siku ya saruji. Ulidhani nilicheka kwa sababu gani?"

Nikaweka kikombe mezani, naye akaendelea.

"Miaka kumi na moja watu wanasema Mwalimu ana moyo. Hawo akipanda, nani anasogea? Mtungi ukikosa nafasi, unawekwa kwenye mapaja ya nani? Nguo yangu ya kitenge niliyokwenda nayo harusi ya Dzombo ilinuka maziwa, nikakaa nyuma kabisa kanisani, harusi ya mwanangu mwenyewe. Sikukataa hata siku moja, na sijutii, Hawo ni mwenzangu. Lakini hukuniuliza, Baba Dzombo. Hata siku moja hukuniuliza."

Akainuka kwa kushika meza, akaenda kulala.

Ndugu yangu, sijaona aibu kama hiyo tangu utotoni. Ukarimu wangu wote ulikuwa umekaa kwenye kiti cha Kanze. Mimi nilikuwa na usukani, nafasi yangu haikuguswa na mtu, na shukrani zote zilikuja dirishani kwangu. Yeye alikuwa akisogea. Na nilikuwa karibu kumnyima tena usingizi ule wa Gongoni ili niendelee kusifiwa.

Siku ya pili nilikwenda kwa Hawo peke yangu, maana yeye alidhani tutakuwa na magari mawili. Nikamweleza kwamba tukichukua lile, ile nyeupe inakwenda na hairudi. Aliendelea kusugua kibuyu chake. Nikadhani amekasirika.

"Mwalimu," akasema, "maziwa nabebwa na pikipiki. Mgongo ya Kanze nabebwa na nini?"

Akaniuliza kama ng'ombe wa mtoto wake anaweza kuingia shambani kwetu kula mabua, nikasema ndiyo, na mazungumzo yakaisha hivyo.

Kwa hiyo nalinunua. Nisikufiche hasara zake. Linakunywa petroli. Vipuri vyake ni vya kuagiza. Na Ozi hatutaweza kufika nalo mvua zikianza, maana tumbo lake liko chini na ule udongo mweusi hauna huruma. Christine amenuna, ameniambia kwenye simu kwamba sasa atazikwa na watu wa boda. Nimemwahidi kwamba nitakwenda kwa pikipiki kila mwezi, mimi mwenyewe nikishikwa kiuno na jirani kama mama. Akacheka kidogo, lakini najua ameumia. Nawe ukija na jamaa yako tutawapokea Malindi kwa heshima, kisha kwenda kuliona kaburi la mama huko Ozi mtavua viatu vyenu vizuri mtembee matopeni kama wenzenu.

Ulisema utaongeza fedha. Asante, mdogo wangu, lakini usiongeze. Mpunguzie Gunga hilo koti.

Nilipoanza kuandika asubuhi hii nilitaka kukuomba ruhusa, kwa sababu ya mshahara wako wa kwanza na kwa sababu ya mama. Nimefika hapa nikaona kwamba siombi tena. Nakuarifu tu. Ruhusa nilipaswa kuiomba kwa mtu mwingine miaka kumi na moja iliyopita, na Jumatano usiku nimeiomba, nikiwa nimechelewa hivyo. Naomba usinichukie kwa hilo. Kama una neno, niandikie, nami nitalisoma polepole.

Jumamosi ndiyo safari ya mwisho ya Probox kwenda Malindi. Nilimwambia Kanze akae mbele, nimemwekea mto. Amekataa. Anasema siku hiyo atakaa nyuma katikati ya mitungi hadi Garsen tuwashushe akina mama, ndipo tugeuze, na mbele atakaa baadaye. Nikamwuliza kwa nini, na mgongo ule. Akasema, "Leo umeniuliza."

Msalimie sana Shemeji Mbeyu na umbusu Gunga kwenye hiyo pua. Dzombo na mkewe wa Voi wanakusalimu, Christine anakusalimu pamoja na kununa kwake, na Mzee Mwaro jirani anauliza lini utamletea ile miwani. Mungu akulinde katika kazi na njia zako, akupe afya, na akurudishe kwetu ukiwa na meno yako yote.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,

Fondo Kitsao

Nimeongeza hapa chini kwa sababu Kanze ameisoma barua, miwani puani, na anasema nimesahau jambo. Amepiga hesabu ya buti la Benzi, linaingia mitungi mitatu ikisimama. Amekwenda kwa Hawo mwenyewe, kwa miguu, akamwambia Jumatatu ile nyingine angoje mahali pale pale na aketi naye nyuma. Safari hii anayekaribisha ni yeye. Na ametoa sheria moja tu: ndani ya gari lake hakuna mtu kuvua viatu.